Metali za Mzee Silwimba na Dumu la Alizeti

Karakana ya Mzee Silwimba,
Njia ya Mpemba,
Tunduma.

Kwa Bibi yangu na mke mwenzangu, Bibi Mwanahamisi,

Shikamoo Bibi. Goti la kushoto linasemaje? La kulia siliulizi, hilo najua halina adabu tangu enzi za Babu. Mimi nipo, nakula, nalala, ila baridi ya huku inanifanya nivae soksi hata ninapoosha miguu. Nacheka, Bibi, lakini si mbali na ukweli.

Shangazi Mwanaidi, wewe unayemsomea, shikamoo na wewe. Nakuomba kitu kimoja: usiruke mistari. Nakujua. Unasoma kimoyomoyo, unacheka peke yako mpaka machozi, halafu Bibi akiuliza unamwambia, "Anasalimia tu." Leo soma yote, hata panapokuhusu.

Bibi, ujumbe wako umenifikia. Nimeambiwa umelia, umekataa futari ya watu, na wajomba wote wawili wameshakata shauri la kupanda basi kuja kunikomboa, kwa sababu binamu Selemani amefika Muheza na kutangaza kwamba Zuhura ameolewa mke wa pili na mzee wa Kinamwanga, na kwamba kazi aliyopewa na mume ni kusukuma lori mlimani akiwa amevaa nguo za harusi. Waambie wajomba washushe mabegi. Selemani aliniona kweli, na lori nililisukuma kweli. Mengine amejaza mwenyewe, kama anavyojaza matenga ya machungwa, mazuri juu na mengine usiulize. Sasa tulia nikueleze ilivyokuwa.

Kwanza kazi yangu, maana najua mpaka leo unawaambia majirani kwamba mjukuu wako anauza sufuria. Ndani ya injini ya lori kuna mhimili mkubwa wa chuma unaozunguka, mafundi wanauita kranki. Huo hauzunguki juu ya chuma kitupu. Unashikwa na vipande vyembamba vilivyopinda kama ganda la chungwa lililokatwa nusu, na hivyo ndivyo wanavyoviita metali. Kati ya metali na kranki inapita oili, nyembamba kuliko utando wa maziwa. Oili ikiwepo, mambo ni salama. Ikikosekana, aluminiamu ya metali inanata kwenye chuma. Kipande kidogo kinabanduka, kinabaki kwenye kranki kama ukoko wa wali kwenye chungu, na ukoko ule unaanza kukwangua aluminiamu iliyobaki. Kidogo kidogo injini inagonga, halafu inakufa, na dereva anakaa pembeni ya barabara akiwapigia simu watu aliowanunia mwaka mzima.

Tajiri yangu, Mzee Silwimba, ana karakana ya kuchonga kranki za malori hapa Tunduma. Ni mjane wa miaka mingi, mrefu, mpole, hasikii vizuri sikio moja kwa sababu ya injini, na sikio la pili analitumia anapotaka. Alichoka kuona madereva wanauziwa metali feki zinazokufa kabla lori halijavuka mpaka. Akasema atayeyusha aluminiamu atengeneze zake. Ndipo akanitafuta mimi niliyesomea vyuma, nimpimie kama zinafaa.

Nikamtengenezea mashine ya majaribio. Ni sahani ya chuma inayozungushwa na mota iliyotoka kwenye mashine ya kusaga mahindi. Juu yake nabana kipande cha aluminiamu kwa mkono wa chuma, na mkono huo nautundikia mawe ya mizani. Oili inadondoka tone kwa tone. Kazi yangu ni kuongeza mawe, kupunguza oili, na kusubiri kinate. Kikinata kinalia, Bibi, sauti ya mbuzi anayechinjwa na mtu asiyejua. Siku ya kwanza dereva mmoja wa Zambia aliyekuwa kwenye foleni ya mpakani alichungulia juu ya ukuta wetu, akasema, "Awe, mwe bantu," yaani la, jamani, "huyo mnyama mmalizeni basi." Baada ya hapo nakitoa kile kipande, nakiangalia kwa kioo cha kukuzia: wapi pamekwanguka, wapi pamebanduka, wapi pamebadilika rangi. Naandika, naanza upya.

Aluminiamu peke yake ilinata vibaya. Nikamwambia Mzee, "Tuongeze bati." Nilikuwa na maana ya bati lenyewe, yale madini laini meupe wanayolehemea, kwa sababu likichanganywa na aluminiamu hutoka juu likajipaka na kuzuia kunata. Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Asubuhi yake nakuta fundi mkuu wetu, Osia, yuko juu ya choo cha karakana anang'oa misumari.

Nikamuuliza, "Osia, unafanya nini huko?"

"Mzee kasema dada Namuheza anataka bati. Za dukani zina rangi, hizi kuukuu ndiyo safi."

Huku wanaume wa Kinamwanga majina yao mengi yanaanza na Si, ya wanawake na Na, kwa hiyo wameniita Namuheza na nimezoea. Nilimweleza kwamba sikuwa nasema bati za kuezekea. Alinitazama kutoka kule juu, akasema, "Sasa na Kiswahili chote hicho cha Tanga, umeshindwa kusema?" Bati moja alikuwa ameshaliteremsha na likawa limepasuka. Wiki ile ilinyesha, na kila aliyekwenda chooni alikwenda na mwavuli na alirudi akilitaja jina langu.

Tulipopata bati la kweli tukayeyusha chungu cha kwanza. Nilikuwa mwoga, nikaweka bati kidogo. Chungu cha pili nikaongeza. Vyote viwili nilivijaribu kwa oili safi na vyote vilikwenda vizuri, vimetulia kabisa. Kwa oili iliyochoka nilikuwa sijavijaribu bado. Hapo ndipo Mzee Silwimba akaja na habari zake.

Alisimama mlangoni akipangusa mikono iliyokuwa tayari safi. "Namuheza, nataka kwenda Itumba kuchumbia."

Nikampongeza. Mwanamke mwenyewe ni Mama Tumaini, mjane wa Kindali, mwimbishaji wa kwaya. Walikutana alipoleta injini ya mashine yake ya kusaga, na Mzee akaitengeneza mara tatu ingawa iliharibika mara moja.

"Nitakwenda na Fuso langu," akasema. "Na ndani nataka zifungwe metali zetu. Siwezi kwenda kwa wakwe na kitu cha watu."

"Mzee, sijamaliza kupima. Kwenye oili safi zinakwenda. Oili ikiharibika sijui."

"Oili itakuwa mpya. Nitanunua ya kopo lililofungwa."

"Njia ya Itumba ina milima."

"Hata moyo wangu una milima," akasema, na nikajua sikio linalosikia limeshafungwa.

Chungu cha kwanza hakikutosha injini nzima, kwa hiyo Osia alifunga metali za chungu cha kwanza upande wa mbele na za chungu cha pili upande wa nyuma. Nikakumbuka hilo, na ni vizuri nilikumbuka.

Kwa ajili ya safari nilishonewa kitenge sare na akina mama wa upande wa Mzee. Niliambiwa niende kwa sababu mbili: kwanza kama fundi, pili kwa sababu Kiswahili changu ni kitamu na mshenga, Mzee Sichone, anataka mtu wa kumsaidia akikwama. Hizo ndizo nguo za harusi alizoziona Selemani. Nyuma ya lori tulipakia mbuzi, kreti za soda, magodoro mawili, viti vya wazee, na madumu mawili ya njano yanayofanana kama mapacha. Moja lilikuwa na mafuta ya alizeti ya kumpa mama mkwe, yamekamuliwa Mbozi. Lingine lilikuwa na oili mpya ya akiba, iliyomiminwa kutoka makopo yake, kwa sababu Mzee alitaka kutimiza ahadi yake kwangu. Oili mpya, Bibi, ina rangi ileile ya alizeti. Hakuna aliyefikiria kufunga hata kitambaa.

Tulipopita Isongole na kuanza kupanda, taa ya oili ikawaka. Osia, aliyekuwa anaendesha, akasimama, akatazama chini ya lori, akasema kuna mahali panavuja, si sana. Akakaza anachokaza. Halafu akachukua dumu, akajaza, akafunga, akasema, "Imekunywa kama ng'ombe." Tukapanda. Lori likaenda vizuri ajabu. Mimi nilikaa nimetega masikio kwa ile sauti ya mbuzi na sikuisikia, isipokuwa ya mbuzi mwenyewe. Kitu kimoja tu kilinishangaza: nilianza kusikia njaa. Mzee Sichone naye akavuta hewa na kusema, "Vijiji vya huku wanapika vizuri."

Itumba tulipokewa kwa heshima. Tukakalishwa sebuleni, wazee wa kwao upande ule, sisi upande huu, Mama Tumaini amefichwa chumba cha ndani kama ilivyo desturi. Zawadi zikapokelewa, dumu likapelekwa jikoni. Mzee Sichone akaanza maneno yake mazuri kwamba tumeona jogoo wetu amepotelea ua huu, ingawa alitakiwa kusema kuku. Nikamnong'oneza. Akasema, "Kuku-jogoo," na wazee wa Kindali wakaandika akilini.

Hapo tukaanza kusikia harufu. Mimi niliijua mara moja, kwa sababu naivaa kila siku. Osia naye aliijua, nikamwona anageuka rangi. Mlango wa jikoni ukafunguka, akaingia mama yake Mama Tumaini, bibi mmoja mfupi mwenye kanga ya kiunoni iliyokazwa vizuri, ameshika karai kwa vitambaa viwili. Ndani ya karai kulikuwa na oili inafuka moshi wa buluu na andazi moja jeusi linaelea. Aliliweka katikati ya sebule, mbele ya Mzee Silwimba, bila haraka.

"Tunauliza kwa wema," akasema. "Hii ni mila ya Wanamwanga?"

Mzee Sichone, ambaye kazi yake kama mshenga ni kutokosa jibu, akakohoa. "Ndiyo, mama. Kwetu oili ya gari ni ishara. Maana yake ndoa ni safari ndefu."

"Na huwa mnaila?"

"Hapana. Huwa tunaitazama."

Ndipo kutoka chumba cha ndani tukasikia kicheko. Si kicheko cha kuficha mdomo. Mama Tumaini alicheka mpaka tukasikia kitanda kinalia, na mwimbishaji wa kwaya ana pumzi, Bibi. Wazee wa Kindali walijaribu kubaki na nyuso za mkutano, mmoja akashindwa, halafu wote wakashindwa. Mzee Silwimba peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nilimhurumia kwa kweli. Mtu wa umri ule alikuwa amejipanga miezi mingi kwa siku ile.

Mama Tumaini akasema kutoka kulekule ndani, "Mwambieni asihangaike. Aliyenitengenezea mashine mara tatu bure, atashindwaje kunipikia kwa oili?"

Mzee akainua kichwa. Na hapo nikajua posa imekubaliwa kabla haijamalizwa kusemwa. Tulipigwa faini ya madumu mawili ya alizeti, yenye kuandikwa jina.

Lakini Osia alikuwa bado amesimama mlangoni kama mti. Nikamfuata. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, kama oili iko kwenye karai, mle kwenye injini nimemwaga nini?"

Tukatoka nje, wazee wote nyuma yetu. Osia akawasha lori. Bomba la moshi likatoa harufu ya chapati. Mama mzaa bibi harusi akainama, akanusa, akasema, "Hii ndiyo yangu." Watoto wa jirani wakaanza kusogea na sahani.

Nilisema alizeti yote imwagwe. Oili iliyobaki kwenye dumu ilikuwa nusu, nyingine ikiwa imeungua jikoni, na dukani pale siku ile hawakuwa nayo ya lori. Nikashauri tulale Itumba. Mzee Silwimba alisema hawezi kulala kwa wakwe siku ya posa, ni aibu, na hapo hata mimi sikuwa na hoja. Tukachanganya ile nusu dumu ya oili na alizeti ileile, tukaaga.

Hatukufika mbali. Mlima wa pili injini ikaanza ile sauti. Nilipiga kibanda cha dereva kwa mkono, Osia akazima, na lori likasimama vibaya, kiuno kimeziba barabara. Ilibidi tushuke wote tulisukume hadi kando kabla gari lingine halijaja kona. Mimi, Mzee Sichone, wazee wawili wenye makoti, na akina mama wa sare. Mzee Silwimba alisukuma akiwa na tai shingoni. Na ndipo likaja lori la mizigo linatoka Malawi, dereva akatoa kichwa dirishani, nikasikia, "Zuhura? Wewe Zuhura wa Bibi Mwanahamisi?" Asingeweza kusimama pale kwenye mteremko, naelewa. Alipiga honi, akapita. Nilipunga mkono mmoja huku wa pili unasukuma. Hicho ndicho alichokiona Selemani, hakuna zaidi. Mume sikuwa naye pale, wala sinaye mpaka ninapoandika.

Fuso lilivutwa hadi Tunduma. Tulipofungua injini niliinama nitazame. Metali za mbele, za chungu cha kwanza, zilikuwa zimenata vibaya. Vipande vya aluminiamu vimeganda kwenye kranki, vingine vimeburuzwa mistari mirefu, na upande mmoja pamebanduka mpaka panaonekana mgongo wa chuma. Lakini za nyuma, za chungu cha pili, zilikuwa nzima. Juu yake kulikuwa na utando mwembamba wa kijivu unaong'aa, bati limetoka na kujipaka kama nilivyoomba litoke. Injini ileile, mlima uleule, mafuta yaleyale ya maandazi. Nilimpa Mzee kile kioo cha kukuzia. Akaangalia ya mbele muda mrefu, akaangalia ya nyuma, akarudi ya mbele.

"Hizi tungezifunga kwenye basi la abiria," akasema.

Mimi pia nilikuwa nawaza hivyo.

Madereva walikuwa wameshasikia habari ya metali za Tunduma na wanakuja kuuliza. Kesho yake alikuja mmoja na kranki begani kabisa, tayari kwa kufungiwa. Nilidhani Mzee atazungumza kwa kuzunguka. Akamwambia tu, "Bado. Zilininatia mwenyewe mlimani nikitoka kuposa. Nenda kanunue za dukani, mimi nitakuchongea kranki." Yule dereva alicheka akidhani ni utani. Mzee akampeleka akamwonyesha. Bibi, wengi wangeficha. Siku hiyo niliamua kwamba hata nikipata kazi Dar, nitamaliza hii kwanza.

Harusi imefanyika, Mama Tumaini yuko hapa mjini, na tangu afike chai ya karakana ina sukari. Mimi nilirudi kwenye mashine yangu. Safari hii sikujidanganya na oili safi. Nilichukua oili chafu iliyotoka kwenye malori ya watu, nyeusi kama masizi, nikaichuja kidogo, nikaipunguza, nikaweka kipande cha chungu cha tatu na kutundika mawe yote tuliyo nayo. Mzee Silwimba alivuta kiti akakaa. Osia aliacha kazi yake. Hata dereva wa Zambia aliyekuwa akingoja gari lake alisimama. Mashine ikazunguka asubuhi nzima na sisi tunasubiri ile sauti. Haikuja. Nilipokitoa, uso wake ulikuwa wa kijivu, laini, una mikwaruzo midogo tu kama ya kijiko kwenye sahani.

Mzee alikishika kwenye kiganja, akatoka nje. Niliona ametoa simu nikadhani anawapigia madereva. Akapaza sauti, kwa sababu ya sikio lake, tukasikia wote.

"Halo? Haijanata."

Akasikiliza. "Ile aluminiamu. Nasema haijanata."

Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi. Halafu akarudi ndani, ameweka kile kipande kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, na oili yake inaanza kuchafua kitambaa.

"Mke wangu anasema hongereni," akatuambia. "Na anasema twende tukale."

Tukaenda tukala, Bibi.

Nisalimie Shangazi anayekusomea, na kama alikuwa ameruka mahali aanze tena. Nisalimie wajomba wote wawili, waambie nauli yao wanunulie mbolea. Nisalimie mama mdogo wa kule kituo cha treni, mwalimu wangu wa madrasa, na jirani yako wa ua wa michongoma hata kama hamsemezani wiki hii. Selemani msalimie kwa sauti ya kawaida, usimpige.

Babu tunamwombea pamoja, wewe huko na mimi huku. Mungu akuweke, na goti lako akuwekee.

Mjukuu wako asiyeolewa,
Zuhura